Kaseti Iliyobaki Ng'ambo Hii

Walipokuja nilikuwa chini ya meza, nimeishika simu kwa meno ili taa yake inimulikie, natafuta waya uliokuwa unaleta mngurumo katika vipaza sauti vyangu. Nina chumba kimoja hapa Kindu ninamotengenezea video: ndoa, ubatizo, matanga, kwaya zinazotaka kuonekana zimesimama juu ya mawingu. Ukutani nimetundika magodoro ya zamani ili sauti isirudi. Kamera zangu ni simu mbili, na taa yangu kubwa ni kipande cha bati jipya kinachorudisha jua usoni mwa bibi arusi. Watu hulicheka lile bati mpaka waione picha.

"Hodi, mama."

Nikajitoa chini ya meza, vumbi kichwani. Mlangoni walisimama wanawake wawili. Mmoja alikuwa wa rika langu, mwingine kijana, amebeba viatu mkononi kwa sababu ya matope ya kivukoni. Walikuwa wametoka Alunguli, ng'ambo ya pili ya mto. Yule mkubwa ndiye aliyeanza kusema.

"Banasema njo wewe ulikuwa na kamera ya parokia wakati wa vita."

"Njo mimi."

"Huyu ni mutoto ya dada yangu. Dada aliongea mu kamera yako. Sisi tulisikia tu habari, hatukuona kitu."

Kijana hakutaka kuzungukazunguka. "Mama alikufa nikiwa ningali nanyonya," alisema. "Niko na picha yake moja, ya kadi. Nimeiangalia mpaka nimechoka. Nataka kusikia sauti yake."

Niliwapa viti. Nilijua papo hapo kaseti anayoitaka, kwa kuwa ilikuwa imebaki moja tu. Ilikuwa kabatini, ndani ya kopo la maziwa ya unga, pamoja na ile kamera yenyewe. Lakini sikuwa nimewahi kuiona tena tangu siku niliyoirekodi, na sikujua kama bado kuna kitu ndani yake.

Vita ilipotufikia nilikuwa mpiga taipu wa parokia na mwimbaji wa sauti ya pili. Padri mmoja mgeni, aliyependa kuturekodi tukiimba, aliondolewa kwa ndege, na kabla hajaondoka akaniwekea mikononi kamera yake ya dijitali, ndogo kuliko Biblia, na kaseti chache zilizolingana na kisanduku cha kiberiti. Kulikuwa na kitabu cha maelezo pia, lakini kiliandikwa kwa lugha ya kwao, na hakuna aliyebaki parokiani aliyeijua. Nikakisoma kwa michoro. Kidole kinabonyeza hapa, mshale unaelekea kule, tone la maji na alama ya kukataza. Nilikaa uani nikibonyeza kitufe kimoja kimoja na kungoja nione kitafanya nini. Sijui kama nimewahi kufurahi hivyo katika miaka ile mingine yote ya shida.

Reli ilikuwa kimya. Njia za Kalima na za Kibombo hazikupitika, na chumvi ililetwa kwa ndege. Kuvuka mto kuliruhusiwa leo na kukatazwa kesho, kadiri ya mawazo ya wenye bunduki. Mtu wa upande huu aliweza kuona moshi wa majiko ya Alunguli asijue kama ndugu yake ni mmoja wa wanaopika. Wauguzi ndio waliokuwa na ruhusa ya kwenda na kurudi, na mimi nikaomba kupanda mtumbwi wao pamoja na kamera.

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Watu wa upande huu walikaa mbele ya ukuta wa sakristia wakasema maneno yao. Nikavuka. Kule nikafungua kile kioo kidogo cha pembeni ya kamera, na familia nzima ikasukumana vichwa kutazama. Kisha wao nao wakajibu, nikarudi. Ujumbe ukishasikika, nilirekodi mwingine juu yake, maana kaseti hazikuongezeka.

Kila juma lilinipa fumbo lake. Betri ilikataa kujaa. Niliichaji kwa umeme wa fonia, redio ya parokia iliyotumia paneli ya jua na betri ya gari, na taa nyekundu ya chaja ilikuwa inapepesa na kuzima. Nikakaa kuitazama mpaka nikagundua kwamba huzima kila mara mtu anapobonyeza kipaza sauti kuongea. Fonia ilikuwa inameza nguvu yote. Basi nikachaji wakati hakuna anayeongea. Upepo wa mtoni nao ulifunika maneno, nikavisha kipaza sauti cha kamera soksi ya sufu. Kuhusu uchache wa kaseti, dawa niliipata kwa bahati ndani ya orodha ya kwenye kioo: nilibadili herufi mbili, SP ikawa LP, na dakika zilizobaki zikaongezeka. Kaseti ilikuwa inazunguka polepole zaidi. Nilidhani nimepata utajiri wa bure.

Mama wa kijana huyu alikuja katika kundi la mwisho. Alikuwa amevuka upande huu kumuuguza shemeji yake, kivuko kikafungwa nyuma yake, na mtoto akabaki Alunguli kwa koko wake, mama mzazi wa huyo mwanamke. Alirekodi kama wengine. Siku iliyofuata wauguzi nao wakazuiliwa. Mvua zikashika, na asubuhi moja kamera ikanionyesha lile tone la maji katikati ya kioo, ikagoma. Niliianika juani, nikaifukia katika mchele mkavu, nikaipasha joto karibu na tanuri la mikate. Tone halikuondoka. Kaseti nikaitoa kwa kuupenyeza wembe. Kivuko kilipofunguliwa baadaye, watu walikimbiliana wenyewe, na hakuna aliyeniulizia kaseti. Kwamba mmoja wao alikuwa ameuawa na malaria hapa hapa ng'ambo hii, nilikuja kuambiwa na dada yake siku hiyo chumbani mwangu.

"Inaweza kuonekana?" kijana aliuliza.

"Sijui," nilimjibu. "Lakini acha nitafute."

Nilienda nao kwa mfanyabiashara mmoja, mzaliwa wa Butembo, mwenye duka la simu karibu na soko letu. Katika ujana wake alirekodi ndoa kwa kamera za aina ile, na bado anayo moja, ya kampuni ile ile, ameifunga kwa kitambaa kama jino la dhahabu. Alikubali mara moja. Nafikiri naye alikuwa na hamu ya kujua.

Tukaiunganisha na televisheni ya dukani. Ukingo wa kaseti ulikuwa na ukungu mweupe, tukaufuta taratibu na kuipeleka mbele na nyuma ili mkanda uachane. Kisha tukabonyeza.

Ikatoka kwaya yetu! Nyuso zote safi, sauti safi, hata mimi mwenyewe pembeni, mwembamba, natazama kamera badala ya kumtazama mwongozaji. Yule kijana na mama yake mdogo wakapiga makofi. Kisha kwaya ikakatika, na skrini ikajaa miraba: miraba ya kijivu, ya buluu, inayorukaruka, na ndani yake kitu kama bega, kitu kama mkono. Sauti hakuna kabisa.

"Mukanda umeoza," akasema mfanyabiashara.

"Ungekuwa umeoza, kwaya ingetokaje?"

"Basi kichwa cha kamera kimechafuka."

Tulikisafisha kwa alkoholi na kipande cha ngozi laini cha kufutia miwani, maana pamba huacha nyuzi. Tukarudia. Kwaya safi, kisha miraba. Tukaweka kaseti ya ndoa aliyoirekodi mfanyabiashara mwenyewe: safi mwanzo hadi mwisho.

Niliomba turudi tena mpaka wa kwaya na miraba, nikautazama, nikaurudia, mpaka yule mama mdogo akachoka akatoka kununua ndizi. Kaseti ni moja, ukungu ni mmoja, kamera ni moja. Nusu inasomeka, nusu haisomeki. Kimebadilika nini hapo katikati? Kwaya alirekodi padri. Miraba nilirekodi mimi.

"LP," nikasema kwa sauti.

Mfanyabiashara akajipiga paji la uso. Yeye alijua nusu ya habari na mimi nusu nyingine. Kamera huchora picha juu ya mkanda kwa mistari myembamba sana. Ukiupunguza mwendo, mistari inabanana, na kila kamera ina kaupande kake inakoegemea wakati wa kuandika. Mistari ikiwa mipana, kamera nyingine inasoma bila taabu. Ikibanana, mara nyingi inayoweza kuisoma ni kamera ile ile iliyoiandika. Wakati wa kazi yake ya kurekodi ndoa alikuwa amewahi kuletewa kaseti kama hizo na kuzirudisha kwa wenyewe.

"Kwa hiyo kamera ya rafiki yangu hapa haisaidii kitu," nikamwambia kijana. "Ni ile yangu iliyokufa tu."

Alinitazama, akacheka kidogo. "Basi tuifufue, mama."

Walilala kwa jamaa zao upande huu. Mimi nikaondoa vitu vyote mezani, nikatandika shuka jeupe ili skrubu ndogo zisipotee, nikaifungua ile kamera. Adapta na waya niliazima dukani, kwa kuwa betri yake ilikuwa imevimba. Nilipoiwasha, tone la maji likatokea pale pale lilipokuwa limeachwa, kana kwamba mvua ile haijaisha.

Hilo ndilo lililonikera na kunivutia. Kamera ilikuwa imekauka miaka na miaka. Sasa inaona maji gani? Nikafikiri: haioni maji, inaambiwa kuna maji. Ni nani anayeiambia? Nikafuata waya mmoja mwembamba kutoka kwenye ngoma ndogo ambayo mkanda huizunguka, nikafika kwenye kidude kidogo kama punje ya mchele uliovunjika, kimefunikwa na uchafu wa kunata. Nilikifuta kwa alkoholi, nikangoja kikauke, nikawasha.

Tone halikuwepo.

Nilitoka uani nikatembea kidogo, kisha nikarudi kuhakikisha. Halikuwepo. Kilichobaki kilikuwa grisi iliyokauka kwenye vigurudumu. Nikaikwangua kwa kijiti cha kutafunia meno na kuweka tone la mafuta ya cherehani. Mlango wa kaseti ulifunguka kwa mlio wa mzee anayeinuka kitini.

Asubuhi wakaja. Kioo cha pembeni cha kamera kilikuwa kimekufa kabisa, kwa hiyo niliunganisha waya wa rangi tatu na televisheni yangu, na waya mwingine na kompyuta, ili kile kitakachoonekana kihifadhiwe hapo hapo. Niliwaeleza kwamba mkanda wa zamani unaweza kukatika wakati wowote, na kwamba hii pengine ndiyo nafasi pekee. Kijana akavuta kiti karibu. Mama mdogo alibaki amesimama karibu na mlango.

Ikatoka kwaya. Kisha mzee mmoja anayeulizia mbuzi zake. Kisha akakaa mwanamke mwenye kitambaa cha manjano kichwani, na miraba ikaanza kuruka usoni pake, sauti inakatika vipande.

Niligusa kamera ili niizime. Kidole changu kilipoegemea mlango wa kaseti, picha ikatulia. Nikakiondoa, ikavunjika. Nikakirudisha, ikatulia. Mlango ulikuwa umelegea, haukandamizi kaseti vya kutosha.

"Weka kidole hapa," nikamwambia kijana. "Usisukume. Shika tu kama unavyoshika paji la mutoto mwenye homa."

Akaweka. Nikarudisha mkanda nyuma kidogo, na mama yake akakaa upya mbele yetu, mzima.

"Naangalia wapi?" mwanamke yule aliuliza. "Mu hiki kioo ao mu hii tundu?" Akaambiwa. Akalitazama tundu la kamera, akafungua mdomo kuanza, halafu akacheka. Alicheka kwa muda, kichwa kimeenda upande, mkono umefunika meno. Kisha akajikaza.

"Mama, jambo. Mimi niko muzima. Shemeji anaendelea. Mutoto asinywe chai, mama, chai haina kitu, umutafutie uji. Na ile kitenge yangu ya majani ukate, umushonee, usiiweke. Nikifika nitanunua ingine. Nikifika nitakuja na samaki ya Lokandu, ile yenye unapenda. Eh... Nini tena? Mutoto umuambie..." Akatafuta neno, akatazama pembeni. "Umuambie mama yake anamusalimia sana. Ni hivyo."

Akainuka. Mtu mwingine akakaa.

Kijana hakuondoa kidole. Aliendelea kukishika pale huku watu wengine wakisema maneno yao, na machozi yakimshuka bila sauti, mpaka mkanda ulipofika mwisho na kamera ikajizima yenyewe. Mama mdogo alikuwa ameketi sakafuni.

"Njo yeye," alisema. "Hivyo hivyo. Hata kufunika meno."

Nilipowapa maji na tukatulia, nilidhani watataka nakala waondoke. Lakini kijana alinigeukia akiwa na swali.

"Mama, alicheka nini pale?"

Sikukumbuka. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kamera, hatua mbili tu kutoka kwake, na sikukumbuka. Nikasema labda ni aibu. Akatikisa kichwa: alikuwa ameshaanza vizuri, kuna kitu kilimchekesha. Alisema kweli.

Basi tukarudi kwenye kompyuta. Nikakata kile kipande kifupi, nikavaa vipokea sauti vya masikioni. Chini ya kicheko kulikuwa na mngurumo wa jenereta ya jirani na juu yake mkwaruzo wa soksi yangu ya sufu. Nikapunguza sauti nzito, mngurumo ukapungua. Nikapunguza zile nyembamba, soksi ikanyamaza. Katikati ikabaki sauti ya mtu, kwa mbali, maneno hayasikiki. Nikamwita kijana avae upande mmoja wa vipokea sauti. Tukarudia, tukarudia.

"Anasema 'Yesu'," kijana akasema.

"Mimi nasikia 'kichwa'."

Nikaongeza tena kidogo, na hapo nikaitambua sauti. Ilikuwa yangu, ya ujana, kali kama ya mwalimu wa darasa la kwanza: "Mama, sogea kidogo, kichwa chako kimefunika Yesu." Kwenye ukuta wa sakristia kulikuwa na picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu, na mimi sikutaka irekodiwe nusu. Ukitazama vizuri unamwona mwanamke yule akigeuka, anaiona picha imejitokeza nyuma ya kitambaa chake cha manjano kama mtu anayechungulia, na hapo ndipo kicheko kinapomshika.

Tulicheka sote watatu mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

Koko yule alikuwa bado hai. Mama mdogo alikuwa hajaniambia kwa sababu alifikiri video haitamfaa: mzee haoni vizuri, na masikio yake yamebaki na kazi kidogo. Juma lile lile nilivuka nao, nikabeba televisheni ndogo, betri ya jua na kipaza sauti kimoja kikubwa. Nilikuwa nimetengeneza sauti upya kwa ajili yake, nimeinua pale katikati ambapo maneno hukaa, kwa kuwa kwa mtu asiyesikia vizuri sauti yote ikiongezwa huongezeka kelele tu.

Alikaa juu ya mkeka karibu na kipaza sauti, mkono mmoja juu yake. Binti yake aliposema "Mama, jambo," mzee alijibu "Jambo" pale pale, bila kushtuka. Aliposikia habari ya uji, akageuka kumtazama mjukuu.

"Chai sikumupa," alisema. "Hata mara moja."

"Najua, koko."

"Kitenge sikukata. Nilisema akirudi atavaa nini?"

Alisikiliza mpaka mwisho, akaomba arudishiwe mwanzo, akasikiliza tena. Hakulia mbele yetu. Alichouliza ni kama ile kamera inafanya kazi bado, kwa kuwa mtu akisalimiwa hujibu. Nikamwambia ile ni ya kusomea tu sasa, lakini nina simu.

Kazi ikawa mwanga. Alikaa mlangoni, jua lote nyuma yake, na kwenye simu alionekana kivuli kitupu. Bati langu nilikuwa nimeliacha nyumbani. Nikamwomba mama mdogo asimame pembeni ameshika sinia kubwa la aluminiamu la kupepetea mchele, akaligeuzageuza mpaka jua likamwangukia mzee shavuni na makunjo yake yote yakatokea.

"Naanza?" akauliza.

"Anza, koko."

Akajikohoza, akavuta nguo magotini, na akaanza kumweleza binti yake habari za shamba: mihogo iliyoliwa na mbuzi wa jirani, na jirani mwenyewe, na alichomjibu.